Kizingiti cha MGB: Somo la Historia Kutoka Gerejini

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya uzamivu nchini Uingereza nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu, pembezoni mwa mji wa Oxford. Kodi ilikuwa nafuu kwa sharti ambalo halikuandikwa popote: kila Jumamosi asubuhi nishuke gereji kumshikia taa. Humo lilikuwamo gari dogo la michezo, MGB ya mwaka 1971, la viti viwili na paa la turubai, limeinuliwa juu ya vigingi vya chuma, halina magurudumu wala injini. Nilikwenda huko kusomea utawala wa umma. Sikujua kwamba sura moja ya masomo hayo ningeisoma nikiwa nimelala chali sakafuni, vumbi la kutu likiniingia machoni.

MG ni kifupi cha Morris Garages, gereji ya William Morris mjini Oxford, ambako Cecil Kimber alianza katika miaka ya 1920 kuyavika magari ya kawaida ya Morris bodi nyepesi za kimichezo. Mwaka 1929 kazi ilihamia Abingdon, kilomita chache kusini. MGB ilitengenezwa hapo tangu 1962 hadi 1980. Ukijumlisha na ndugu zake wa injini kubwa, yalitoka magari zaidi ya 500,000, na mengi yalivuka bahari kwenda Marekani. Halikuwa gari la mabwanyenye. Injini yake ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,798, ilikuwa ya ukoo uleule uliosukuma magari ya familia ya Austin na Morris, ndiyo maana mtu mwenye spana, jeki na subira anaweza kuifungua na kuifunga nyumbani kwake.

Shida ni bodi. Land Rover, ambayo wengi wetu tuliijua utotoni, bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya chesisi. MGB haina chesisi ya pekee. Bati lenyewe ndilo mifupa. Na kwa kuwa haina paa la chuma, kazi ya kuizuia isipinde katikati imebebwa kwa sehemu kubwa na vizingiti viwili vilivyo chini ya milango, mabati yaliyochomelewa tabaka kwa tabaka hata yakafanya boksi. Maji, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, huingia humo na kutulia. Kwa nje rangi inang'aa. Ukigonga kwa bisibisi, bisibisi inazama.

Kanuni ni kwamba kabla ya kukata kizingiti kilichooza, ufunge kwanza mhimili wa chuma kukingama uwazi wa mlango. Upande wa kwanza mzee aliona mhimili ni upotezaji wa muda. Tulikata. Gari likalegea milimita chache tu, jicho halikuona kitu, ila mlango ukagoma kufunga. Majuma matatu tulikuwa tukiliinua kwa jeki nywele kwa nywele, kupima na kupima tena, kabla hatujathubutu kuchomelea bati jipya.

Ni katika majuma hayo, tukinywa chai, ndipo mzee aliponipa maelezo ambayo nayasikia pia katika semina zetu hapa: kwamba migomo ndiyo iliyoua viwanda vya magari vya Uingereza. Sikubishana naye, alikuwa mwenye nyumba wangu. Leo nabishana.

Mwaka 1968 MG ilijikuta ndani ya British Leyland, shirika lililokusanya Austin, Morris, Jaguar, Triumph na Rover chini ya paa moja, na mwaka 1975 serikali ikatwaa hisa nyingi. Migomo ilikuwepo, tena mikubwa. Lakini Abingdon ilisifika kwa utulivu baina ya wafanyakazi na mameneja. Utulivu huo ulilipwa nini? Gari jipya la michezo, Triumph TR7, lilipelekwa kutengenezwa Speke, Liverpool, kiwanda chenye migogoro ambacho kilifungwa mwaka 1978. Abingdon iliachiwa gari la mwaka 1962. Sheria za usalama za Marekani zilipobadilika, MGB haikuundwa upya. Mwaka 1974 ilibandikwa bampa nene nyeusi na kuinuliwa juu, ikapoteza ule wepesi wake barabarani. Kisha pauni ikapanda thamani, na uongozi ukasema kila gari linalouzwa Marekani ni hasara. Tarehe 10 Septemba 1979, mara tu baada ya mji kusherehekea miaka 50 ya MG Abingdon, ilitangazwa kuwa kiwanda kitafungwa. Kundi lililoongozwa na Alan Curtis wa Aston Martin lilijaribu kukinunua, likakosa fedha. Gari la mwisho lilitoka Oktoba 1980.

Waliofanya uamuzi wa kutowekeza hawakuwa wale walioshika spana. Nawaambia hili hasa wanafunzi wangu wanaotarajia kuingia serikalini, kwa sababu hata kwetu, kiwanda cha umma kikifa, vidole huelekezwa kwanza kwa mfanyakazi mvivu, na faili la maamuzi ya bodi halifunguliwi.

Jambo moja lakini nawaonea wivu. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza upya bodi kamili za MGB huko Faringdon, kwa kutumia vifaa vya zamani vya kufinyangia mabati ambavyo havikuyeyushwa. Vizingiti vyetu viwili vililetwa mlangoni vikiwa vimefungwa kwenye katoni. Nami nimetoka katika nchi ambako, baada ya ubinafsishaji, mashine za viwanda kadhaa ziliuzwa kama chuma chakavu.

Upande wa pili tulifunga mhimili kabla ya kukata. Jumamosi ya mwisho ya Februari mzee aliufunga mlango wa kulia, ule uliotutesa, ukaingia kwa mlio mmoja mdogo. Akaufungua, akaufunga tena, kisha akanipisha nami nijaribu.