Gisenyi na Mstari wa Futi 5,000: Rwanda katika Historia ya Limfoma ya Burkitt

Ikisiri

Historia ya limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu inayowapata zaidi watoto, husimuliwa kwa kawaida kutoka Kampala na London. Makala hii inaisoma upya kutoka Gisenyi, mji uliopo karibu kabisa na kimo ambacho Denis Burkitt alikitaja kuwa mpaka wa ugonjwa huo. Inaonyesha kwamba Rwanda iliingia katika utafiti huo kwa njia mbili: kama nchi isiyo na ugonjwa, na kama chimbuko la wahamiaji waliotoa ushahidi muhimu bila kuulizwa. Inadai kuwa mahali patupu katika ramani ya maradhi panahitaji kuchunguzwa sawa na mahali penye alama.

1. Utangulizi

Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Gisenyi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Rubavu, imejengwa ufukweni, na mitaa yake ya chini haipandi sana juu ya kimo hicho. Futi 5,000 ni mita 1,524. Kwa hiyo anayeondoka ufukweni kuelekea Musanze huvuka kimo hicho mwanzoni kabisa mwa safari, na kabla ya saa moja kupita huwa ameingia katika baridi ya Bigogwe, zaidi ya mita 2,000. Ninaanza na vipimo hivi kwa sababu katika miaka ya 1960 tofauti ya mita chache kama hizo ilipewa uzito mkubwa katika elimu ya saratani.

2. Ramani iliyochorwa Kampala

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya kila upande. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38. Wataalamu wa patholojia Gregory O'Conor na J. N. P. Davies ndio walioonyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani inayoanzia katika chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni: kumbukumbu za Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, zilikwisha kuwataja watoto wenye uvimbe kama huo. Kipya kilikuwa ni swali la Burkitt: unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Alituma vipeperushi vyenye picha kwa madaktari wa sehemu nyingi za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakazuru hospitali 57 katika wiki kumi na kufika hadi Afrika Kusini. Utafiti wa bei rahisi kama huo haukumbukwi sana siku hizi, tunapojaza fomu za ruzuku. Katika Uganda na Kenya, ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, alitambua kuwa kilichopimwa hakikuwa kimo bali joto: ugonjwa ulikoma mahali ambapo wastani wa joto ulishuka chini ya nyuzi 15.6 za Selsiasi. Mvua haba nayo iliuzuia. Hapo ndipo alipofikiriwa mbu.

Katika ramani hiyo, milima ya Rwanda na Burundi ilibaki tupu.

3. Wahamiaji kama ushahidi

Utupu huo ungeweza kuachwa hivyo, lakini Wanyarwanda hawakukaa milimani tu. Tangu miaka ya 1920, maelfu walishuka kila mwaka kwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya wenyeji, wengine kwa msimu, wengine moja kwa moja. Waliugua huko, na baadhi yao waliletwa Mulago.

Mwaka 1966 Burkitt na mwenzake, mtaalamu wa patholojia Dennis Wright, walichapisha uchunguzi wa mtawanyiko wa limfoma hiyo nchini Uganda kwa maeneo na makabila. Waligundua kuwa wagonjwa waliohamia kutoka nchi za juu zisizo na ugonjwa, zikiwamo Rwanda na Burundi, walikuwa na umri mkubwa kuliko wagonjwa waliozaliwa nchi za chini. Mwenyeji aliugua akiwa mtoto mdogo, lakini mhamiaji aliweza kuugua hata akiwa mtu mzima. Maana yake ilikuwa kubwa. Kama ugonjwa ungetokana na ukoo au umbile la kuzaliwa, kuhama kusingebadilisha kitu. Tofauti ya umri ilidokeza kwamba kulikuwa na jambo katika mazingira ya bondeni, ambalo mwenyeji hukutana nalo utotoni na mgeni hukutana nalo siku anapowasili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu masimulizi mengi hulipita haraka, yakikimbilia London, ambako mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyoviona katika chembe za uvimbe uliopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Ugunduzi huo ulistahili sifa yake. Hata hivyo, virusi hivyo vimeenea duniani kote na peke yake havielezi kwa nini Buganda iugue na milima ipone. Kibarua wa Kinyarwanda ndiye aliyesaidia kulijibu swali hilo, na hakuna kitabu kinachomtaja kwa jina.

4. Mbu, malaria na Zanzibar

Jibu lilielekea kwenye malaria. Zanzibar na Pemba zina joto na mvua za kutosha, lakini ugonjwa ulikuwa haba huko. Burkitt aliona sababu yake kuwa ni juhudi za kuidhibiti malaria visiwani. Mbu, basi, hakubeba saratani. Alibeba vimelea ambavyo, vikirudia kumwingia mtoto, huchokoza kinga yake bila kikomo. Utafiti uliofanyiwa panya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha namna moja ya jambo hilo: malaria ya muda mrefu huzidisha kazi ya kimeng'enya ambacho kwa kawaida husaidia limfosaiti kuunda kingamwili, na kimeng'enya hicho huweza kukata jeni mahali pasipostahili.

5. Utupu unaohitaji kusomwa

Ikiwa mpaka ni malaria, basi mpaka huo huhama. Katika kituo cha afya cha Gikonko, kusini mwa Rwanda, malaria iliongezeka kwa asilimia 337 mwaka 1987 ikilinganishwa na miaka mitatu iliyotangulia, na ongezeko kubwa zaidi lilikuwa katika sehemu za juu. Mstari wa futi 5,000 ulikuwa picha ya wakati mmoja.

Ulikuwa pia picha ya mahali palipokuwa na jicho la kuona. Haki itendeke: uvimbe wa taya la mtoto haufichiki, na Burkitt aliwauliza madaktari jambo ambalo wangelikumbuka. Lakini kumbukumbu za Rwanda ziliandikwa kwa Kifaransa na kuelekea Ubelgiji. Ripoti kuhusu saratani katika Kivu na Rwanda-Urundi, inayoziweka pande zote mbili za ziwa katika jedwali moja, ilitolewa Louvain mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Rwanda. Sajili ya saratani ya Butare ilianzishwa mwaka 1991. Kazi yake ikakatizwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996.

Matibabu nayo yalichelewa. Mulago ilikuwa na kituo cha kutibu limfoma tangu mwaka 1967, baada ya Burkitt kuona dawa ya siklofosfamidi ikiyeyusha uvimbe kwa siku chache. Kituo cha saratani cha Butaro, katika Wilaya ya Burera, kilifunguliwa Julai 2012. Mwanzoni vipande vya uvimbe vilisafirishwa kutoka huko hadi Boston ili vichunguzwe, kama vile vya Mulago vilivyopelekwa London nusu karne kabla. Butaro hutibu limfoma na lukemia, na wagonjwa wa lukemia sugu ya mailoidi hupewa vidonge vya imatinibu vinavyotolewa kwa msaada.

Ipo kazi ambayo mwanahistoria anaweza kuianza Gisenyi kwenyewe. Ufukwe wa Rubavu, kwa kanuni ya Burkitt, umo ndani ya ukanda wa ugonjwa. Bigogwe imo nje. Ripoti ya Louvain na rekodi za Mulago hazina budi kusomwa pamoja, zikilinganishwa na madaftari ya wagonjwa ya pande zote mbili za ziwa, Gisenyi na Goma, popote yatakapopatikana, ili tujue kama watoto wa ufukweni hawakuugua, au waliugua na hawakuhesabiwa.