Mtoto anapochora na kufinyanga shuleni anajifunza nini?

Mtoto wa darasa la kwanza anarudi nyumbani na ng'ombe wa udongo mkononi. Mzazi anamtazama na kumuuliza, "Kwani leo hamkusoma?" Swali hili tunalisikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu, kwa hiyo tumeona tulieleze hapa.

Sanaa ni somo

Mtaala wa Tanzania ulioboreshwa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Watoto huchora, hupaka rangi, hufinyanga na kusuka. Kazi hizi hukomaza vidole na kuvizoesha kufuata macho, na mkono huohuo ndio unaoshika penseli. Mtoto anayesuka ukili anahesabu pia: akikosea mmoja, nakshi yote inapotea.

Michoro hukua na mtoto

Mtoto wa miaka miwili huchora mistari ovyo tu. Kati ya miaka mitatu na minne huchora mtu mwenye kichwa kikubwa, miguu ikitokea kichwani. Akifika umri wa kuanza shule, huweka mstari wa ardhi chini na jua juu. Wengine huchora nyumba na kuonyesha watu waliomo ndani, kana kwamba ukuta haupo. Hayo si makosa. Anachora anachokijua, si kile tu anachokiona. Usimfutie. Mwambie, "Hebu nieleze," naye atapata nafasi ya kupanga maneno.

Vifaa viko nyumbani

Mkaa hutoa rangi nyeusi, manjano hutoa njano, na choya iliyochemshwa hutoa nyekundu. Kijiti kilichotafunwa ncha ni brashi. Uji mzito wa unga wa muhogo ni gundi. Hata Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya bodi za kujengea na rangi za kupakia baiskeli.

Vitu vya kuepuka

Hapa tunaomba wazazi na walimu msome kwa makini.

- Mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, hupendeza kwenye shanga, lakini zina sumu kali. Mbegu moja ikitafunwa inaweza kuua mtoto.
- Mbegu za nyonyo na mbono nazo zina sumu.
- Unga mweusi wa ndani ya betri za redio zilizokwisha si rangi ya watoto. Usiwape wauponde wala kuushika.

Badala yake, tumieni mbegu za maboga, mahindi, maharage makavu au vifuniko vya soda. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na vitu hivi, maana wanaweza kuviingiza puani au kuvimeza.

Mtoto akitafuna mbegu mojawapo ya zile zenye sumu, mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheza vizuri, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa. Chukueni na mbegu ya aina hiyohiyo ili mhudumu aione.

Na yule ng'ombe wa udongo? Mwekeni kivulini akauke polepole. Akianikwa juani atapasuka, na mwenye ng'ombe atalia.