Umbo la chupa ya asali: je, sheria inalilinda?

Asali ya misitu ya miombo ya Tabora huuzwa hadi Dar es Salaam. Lakini ikiwa kwenye chupa ya maji iliyokwisha kutumika, mnunuzi hawezi kuitofautisha na iliyochanganywa na sukari. Ndiyo maana mfugaji nyuki wa Ipuli anahitaji chombo ambacho mteja akikiona tu, anajua asali ni ya nani. Je, umbo la chombo hicho linaweza kuwa mali yake kisheria?

Mfano maarufu ni chupa ya Coca-Cola. Ilibuniwa Marekani mwaka 1915 ili mtu aitambue hata akiishika gizani, na mwaka 1960 umbo lake likasajiliwa huko kuwa alama ya biashara. Uingereza iliikataa chupa hiyohiyo mwaka 1986, kwa hoja kwamba chupa ni chombo tu, si alama. Sheria yao ilibadilika mwaka 1994.

Jirani zetu Kenya wanakubali alama yenye umbo la kushikika, si mchoro wa bapa peke yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inazungumzia alama inayoonekana na inayoweza kuchorwa: neno, jina, lebo, sahihi, muhuri na nyinginezo. Umbo la chombo halikutajwa waziwazi.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

- Anza na jina na lebo. Visajili BRELA, daraja la 30, ambamo asali imo. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake.
- Usitegemee maneno "Asali ya Tabora" peke yake. Jina la mahali ni la wote.
- Chupa ambayo kiwanda humuuzia kila mtu haiwezi kuwa alama yako. Vilevile, umbo linalorahisisha kumimina tu halimtambulishi mwenye asali.
- Kama mko kwenye kikundi, sajilini kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti. Anayeandikwa kwenye daftari ndiye mwenye alama, hata siku akihama na kuanza kuuza peke yake.