Kompyuta ikiwa nzito, chunguza kabla ya kununua nyingine

KOMPYUTA ya nyumbani inapoanza kumsubirisha mwenyewe dakika kadhaa kabla ya kufungua waraka mmoja, wengi hudhani imezeeka na kuanza kutafuta fedha za kununua mpya. Mara nyingi, hata hivyo, tatizo huwa katika sehemu moja tu.

Kwa watumiaji wa Windows 10 na 11, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua Task Manager, inayoonyesha kwa asilimia matumizi ya prosesa, kumbukumbu ya RAM na diski. Sehemu inayokaribia asilimia 100 kwa muda mrefu, ilhali hakuna kazi nzito inayofanyika, ndiyo ya kushughulikiwa.

Ikiwa ni RAM, zizuiwe kwanza programu zinazojifungua zenyewe kompyuta inapowashwa. Orodha yake imo humo humo. Programu ya kukinga virusi iachwe, lakini isizidi moja, kwani mbili hugongana na kupunguza kasi. Hilo lisipotosha, baadhi ya mashine huruhusu kuongezwa RAM.

Ikiwa ni prosesa, pamoja na kutazama programu inayoilemea, vumbi lisafishwe kwenye feni. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Ikiwa ni diski, mashine nyingi za zamani zina diski yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kila faili husubiri kutafutwa juu ya sahani hizo. Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo kuiweka badala yake huweza kuipa kompyuta kasi kubwa.

Kabla ya yote, picha na nyaraka zinakiliwe kwenye diski nyingine. Uzito wa ghafla unaoambatana na mlio wa kugonga huweza kuashiria diski inayokaribia kufa, na ikifa, kilichomo huweza kupotea.

Aidha, Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo, kabla ya kununua vipuri, ni vyema kuhakikisha kwamba mashine inakubali Windows 11, kwani kasi bila usalama haitoshi.