Khabari za Risasi Iliyotiwa katika Petroli

  Nadhani mmekwisha keti, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: risasi, petroli, damu. Soma kila neno, na darasa zima lisome nyuma yako. Vyema. Sasa tusikilizane.

Tukitaja risasi wengi hufikiri juu ya bunduki. Leo nasema juu ya madini yenyewe. Ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, nayo huyeyuka upesi katika moto. Mvuvi anaijua, kwa kuwa hufanya chubwi la mshipi wake kwa risasi. Fundi wa betri za motokaa anaijua pia. Warumi wa kale walifanya mabomba ya maji kwa risasi, na hata katika zama zile walikuwako watu walioandika kwamba madini hayo yana sumu. Lishikeni sana jambo hili, maana ndilo linaloifanya khabari ya leo kuwa ya ajabu. Sumu ya risasi ilijulikana miaka mingi kabla ya motokaa ya kwanza kutengenezwa.

Basi, ilifikaje katika petroli?

Motokaa za zamani zilikuwa na ugonjwa mmoja. Katika injini petroli huchanganywa na hewa, mchanganyiko hubanwa, kisha huwashwa kwa cheche. Ukibanwa sana huwaka vibaya, kabla ya wakati wake, na injini hugonga kama mtu apigaye bati kwa nyundo. Kugonga huko hupoteza nguvu na huharibu injini. Katika mji wa Dayton, nchi ya Marekani, mhandisi mmoja wa kampuni ya General Motors, jina lake Thomas Midgley, alijaribu dawa nyingi za kuponya ugonjwa huo. Tarehe 9 Desemba, 1921, alitia katika petroli kiasi kidogo sana cha dawa iliyotengenezwa kwa risasi. Injini ikaacha kugonga.

Walakini haikuwa dawa ya pekee. Midgley na wenzake walijua vema kwamba alkoholi nayo huzuia kugonga. Lakini alkoholi aweza kuitengeneza mkulima ye yote mwenye mahindi au miwa, na hapana kampuni iwezayo kupata hati ya kuimiliki peke yake. Dawa ya risasi iliweza kupatiwa hati, tena kidogo tu kilitosha. Kwa maoni yangu hapo ndipo historia hii ilipopinda, na iliyopinda ni hesabu ya faida.

Petroli yenye risasi iliuzwa kwa mara ya kwanza huko Dayton mwezi wa Februari, 1923. Wauzaji waliipa jina la Ethyl. Neno risasi halikutajwa katika matangazo yao. Mtu hafichi jina la kitu asichokiogopa.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1924, wafanya kazi wa kiwanda cha Standard Oil mahali paitwapo Bayway, katika New Jersey, walianza kurukwa na akili. Walipiga kelele, waliona vitu visivyokuwako, wengine ikawa lazima wafungwe. Watano wakafa, na zaidi ya thelathini wakaugua. Katika kiwanda kingine cha huko New Jersey wafanya kazi waliliita jengo lao "nyumba ya vipepeo", kwa kuwa watu walioingiwa na sumu walikuwa wakipunga mikono kufukuza wadudu ambao hawakuwako. Midgley aliita waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele yao, akainusa, apate kuwaonyesha kwamba haina madhara. Hakuwaambia kwamba mwanzoni mwa mwaka 1923 yeye mwenyewe alikwenda kupumzika Florida, mahali penye jua na hewa safi, kwa sababu ya risasi iliyomwingia mwilini.

Mji wa New York uliipiga marufuku petroli hiyo. Mwezi wa Mei, 1925, serikali ya Marekani iliita mkutano mkubwa. Miongoni mwa walionena alikuwako Daktari Alice Hamilton, bingwa wa maradhi ya viwandani na mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alisema waziwazi kwamba risasi isitiwe katika hewa ya watu. Upande wa pili walijibu: tuonyesheni raia aliyedhurika barabarani. Hakuweza kuonyeshwa, kwani petroli hiyo ilikuwa mpya, na risasi huingia mwilini polepole. Mwaka 1926 kamati ya wataalamu ilisema haioni sababu ya kutosha ya kuizuia, lakini uchunguzi uendelee. Biashara ikaendelea. Uchunguzi, kwa miaka mingi, ukawa mikononi mwa madaktari waliolipwa na wenye biashara.

Mwalimu, simama hapa kidogo. Liulize darasa: mtu akileta kitu kipya kijijini, je, ni juu yake kuonyesha kwamba ni salama, au ni juu ya wanakijiji kuonyesha kwamba kimewadhuru? Zungumzeni kwa dakika mbili.

[Muziki]

Haya, tuendelee. Kwa muda wa miaka hamsini hivi petroli yenye risasi ilienea duniani kote. Afrika Mashariki ilitufikia pamoja na motokaa. Ilikuwako katika zama za ukoloni, ikawako baada ya uhuru. Malori yaliyobeba pamba, mabasi ya abiria, teksi za mjini, magari ya serikali na ya misheni, yote yenye injini za petroli yalitoa moshi wa namna moja. Fundi wa gereji alinyonya petroli kwa mpira ili kuihamisha kutoka tangi moja hadi jingine, akatema, akaendelea na kazi. Baadaye alinawa mikono yenye grisi kwa petroli ile ile.

Sasa tuangalie neno la tatu ubaoni, damu. Petroli ikiungua, risasi haiungui ikaisha. Hutoka na moshi kama vumbi jembamba lisiloonekana. Huvutwa puani, hutua juu ya mihogo na samaki wanaouzwa kando ya barabara, hutua mchangani. Mtoto hucheza mchangani, kisha hutia vidole kinywani. Mwili wa mtoto mdogo huchukua risasi mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima, kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Na mtoto asiyepata chakula cha kutosha, hasa chenye madini ya chuma na kalsiamu, huichukua zaidi. Kwa hiyo mtoto wa maskini hudhurika mara mbili: nyumba yake iko karibu na barabara, na sahani yake haina kitu cha kumkinga.

Ikisha kuingia katika damu, risasi hukimbilia mifupani na katika ubongo. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru moyo na figo. Kwa mtoto hudhuru akili inayokua. Mtoto haonekani mgonjwa. Anakula, anacheza, anakwenda shule. Ila hawezi kutulia, anasahau, na hesabu zinampita. Mwalimu humwita mvivu na mzazi humchapa. Watu wazima wangapi katika madarasa kama haya waliambiwa utotoni kwamba vichwa vyao ni vizito? Sisemi kwamba wote walidhuriwa na risasi, la. Lakini mimi niliyekulia mjini kabla ya mwaka 2006 siwezi kuupitia mstari huu wa historia bila kuwafikiria wenzangu wa darasa la kwanza.

Walioamsha dunia walikuwa wataalamu wachache. Clair Patterson, aliyepata sifa kwa kupima umri wa dunia, alikuwa akipima risasi iliyomo maweni, naye akaiona kila mahali alipogusa, hata katika maabara yake. Mwaka 1965 aliandika kwamba watu wa siku zile walikuwa na risasi nyingi mno mwilini kuliko asili ilivyotaka. Mwaka 1979 Daktari Herbert Needleman alitoa uchunguzi wake juu ya watoto wa shule wa karibu na Boston. Alikusanya meno yao ya utoto yalipong'oka, akapima risasi iliyomo. Wenye risasi nyingi menoni walikuwa nyuma katika majaribio ya akili, na walimu wao walikuwa wamekwisha waona kuwa hawatulii darasani.

Kutoka mwaka 1975 motokaa mpya za Marekani zilianza kutiwa chombo cha kusafisha moshi, na chombo hicho huharibiwa na risasi. Hivyo ikawa lazima kuuza petroli isiyo na risasi. Ilipopungua katika petroli, ilipungua katika damu. Watu wa Marekani walipimwa kati ya 1976 na 1980, wakapimwa tena kati ya 1988 na 1991, ikaonekana risasi katika damu imeshuka kwa asilimia 78. Tangu 1 Januari, 1996, ilipigwa marufuku kabisa katika motokaa za barabarani za nchi hiyo. Japani ilikuwa imekwisha iacha zamani kidogo. Uingereza iliiacha mwisho wa mwaka 1999.

Na sisi je? Mwaka 2001 nchi karibu zote za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa bado zinachoma petroli yenye risasi. Dawa iliyokataliwa na matajiri ilikuwa bado inatafuta wanunuzi, na wanunuzi walikuwa maskini. Mwaka 2010 kampuni ya Innospec, iliyokuwa ikiiuza, ilikiri mbele ya mahakama za Marekani na Uingereza kwamba ilitoa rushwa kwa maofisa wa nchi za nje, ili dawa hiyo izidi kununuliwa. Nchi zilizotajwa zilikuwa Iraki na Indonesia.

Sababu zilizotolewa kwetu zilikuwa kwamba motokaa kuukuu zingeharibika valvu, na kwamba viwanda vya kusafisha mafuta vingehitaji fedha nyingi. Sababu ya kwanza ilitiwa chumvi. Ya pili ilikuwa na ukweli, kwa kuwa kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kikifanya kazi tangu 1963 na mitambo yake ilikuwa ya zamani. Lakini gharama ya kiwanda huandikwa kitabuni ikaonekana. Gharama ya mtoto aliyeshindwa kusoma haiandikwi popote. Hulipwa na mama yake, kidogo kidogo, kwa miaka arobaini.

Mwezi wa Juni, 2001, wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar, Senegali, wakaafikiana kuiondoa risasi. Mwaka 2002, katika mkutano wa dunia wa Johannesburg, uliundwa ushirikiano wa kuleta mafuta safi, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, likaushika uongozi. Kazi ilikwenda upesi kuliko walivyodhani wengi. Ilipofika mwanzo wa mwaka 2006 Afrika yote ya kusini ya Sahara ilikuwa imeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. Hivyo tangu Dayton hadi Algeria ni karibu miaka mia.

Shirika hilo la Umoja wa Mataifa lilikisia kwamba kuacha huko huokoa maisha ya watu zaidi ya 1,200,000 kila mwaka kabla ya siku zao, na huiokolea dunia zaidi ya dola trilioni 2.4. Trilioni moja ni milioni moja mara milioni moja. Mwanafunzi anayependa hesabu aiandike ubaoni na sifuri zake zote.

Hata hivyo risasi iliyokwisha kutua mchangani haiozi, na risasi nyingine inaingia kwa mlango wa pili. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha New York, Teresa Attina na Leonardo Trasande, walikadiria kwamba akili za watoto zinazopunguzwa na risasi huipotezea Afrika dola bilioni 134 hivi kila mwaka, yaani kama shilingi nne katika kila shilingi mia za pato lake. Hiyo ni hesabu ya baada ya petroli kusafishwa. Sehemu kubwa ya risasi ya sasa hutoka katika betri kuukuu zinazoyeyushwa karibu na nyumba za watu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha namna hiyo kilifanya kazi kutoka 2007 hadi 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wake, aligundua kwamba mtoto wake amepata sumu, akawaongoza majirani kwenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikatangua amri hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.

Mwalimu, sasa uliza darasa: je, mtaani petu betri kuukuu za magari huuzwa kwa nani, naye huzivunjia wapi? Andikeni majibu katika sentensi tatu au nne. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya moshi wa kuni na mkaa jikoni. Kwaherini.