Kanjo Ilikufa 2013, Lakini Nyanya Bado Anailipa

Jumanne iliyopita nilikuwa sokoni namsaidia nyanya yangu kupanga nyanya. (Ndiyo, nyanya anauza nyanya. Tumeucheka utani huo tangu nikiwa darasa la kwanza, tuendelee.) Mama wa kibanda cha pili akapiga ule mluzi mdogo ambao kila mtu sokoni anaujua, kisha akasema bila kugeuka, "Kanjo hao."

Walikuwa vijana wawili wa kaunti, na mashine yao ya kutoa risiti. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Lakini nyanya, siku hizi hakuna kanjo. Kanjo iliisha 2013. Hawa ni wa kaunti." Akaniangalia vile huniangalia nikikosea kuhesabu chenji.

"Iliyokufa ni ile ya kuzoa taka," akasema. "Hii ya kuchukua pesa iko."

Nilitaka kuiweka hapa kama kichekesho tu, mistari miwili, mcheke, tulale. Lakini jioni akanitolea kopo lake la risiti. Nyanya yangu amefanya biashara soko hilo hilo tangu 1974 na hajawahi kutupa risiti, kwa sababu zamani ukikosa karatasi, bidhaa zako zinapanda lori. Nilikaa na hilo kopo hadi saa nne usiku.

Za chini ni za Baraza la Kaunti: karatasi nyembamba zilizogeuka manjano, muhuri wa wino wa zambarau, na mwandiko wa karani aliyefunzwa kuandika. Juu yake kuna za Baraza la Mji, kwa sababu mji wetu ulipandishwa hadhi miaka ya tisini. Kisha zinakuja za Serikali ya Kaunti, zile za mashine. Hizo nyingi ni karatasi nyeupe tupu. Wino umepotea. Ya 1976 inasomeka, ya 2019 haisomeki. Na chini kabisa ya kopo, imekunjwa mara nne, kuna risiti ya kodi ya baba yake nyanya, ya miaka ya sitini.

Hebu tuanzie huko chini.

Wakoloni walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata 1910. Huduma? Zilikwenda mijini kwa Wazungu. Mwaka 1924 ndipo serikali ikaunda mabaraza ya wenyeji katika hifadhi za Waafrika, mwenyekiti akiwa ni DC mwenyewe. Ukisema hayo yalikuwa mabaraza ya maonyesho tu, utakuwa umekosea kidogo. Watu walijitoza juu ya kodi waliyokuwa tayari wanalipa, wakajenga shule, zahanati na barabara. Shule ya Kagumo kule Nyeri, iliyofunguliwa 1933, ilitokana na pesa za namna hiyo.

Lakini ona yaliyotokea Kakamega. Mwaka 1930 kulipitishwa sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Ilisema kwamba serikali ikitaka kipande cha ardhi ya hifadhi, baraza la wenyeji lielezwe kwanza, na ardhi nyingine ya ukubwa sawa itolewe badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Ilipofika Desemba 1932, sheria ilikuwa imeshabadilishwa: ardhi ichukuliwe bila kutoa nyingine, na bila lazima ya kuuliza baraza. Miaka miwili tu! Haki ya kuulizwa ilidumu mpaka siku ambayo jibu lingekuwa na maana.

Niliposoma hilo nililicheka, kisha nikaacha kucheka. Nitakuambia sababu baadaye.

Uhuru ulipokuja, mabaraza hayo, ambayo tangu 1950 yalikuwa yanaitwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika, yakageuka mabaraza ya kaunti chini ya kanuni za serikali za mitaa za 1963. Na hapa kuna kitu ambacho sisi vijana wa elfu mbili hatukufundishwa vizuri. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, kanjo ilikuwa na kazi ya maana. Shule za msingi zilikuwa zake. Zahanati zilikuwa zake. Barabara za mashambani zilikuwa zake. Na ilikuwa na kodi yake, ile ambayo baba yake nyanya alibeba risiti yake mfukoni kila aendako, kwa sababu askari wangemsimamisha njiani kumwuliza.

Tusiipambe lakini. Kodi ile ilikuwa ngumu kukusanya, watu waliikwepa, na mabaraza mengi yakashindwa kulipa walimu. Ukimwuliza mwalimu yeyote mzee atakuambia kuhusu miezi ya kukaa bila mshahara. Kwa hiyo serikali kuu ilipoamua kuchukua hizo kazi, ilikuwa na hoja. Sheria ikapitishwa 1969, na kuanzia Januari 1970 elimu ya msingi, afya na barabara zikaondolewa kwa mabaraza ya kaunti, pamoja na kodi yao. Manispaa kubwa chache, kama Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, ziliachiwa zao.

Soma hapo tena. Miji mikubwa iliachiwa. Sisi wa mji wa barabara moja na steji moja ndio tulionyang'anywa. Baraza likabaki na nini? Soko, kichinjio, choo cha soko, taka, leseni, na askari. Yaani kanjo ambayo nyanya aliikuta mwaka 1974, ile iliyotupa neno "kanjo" na hofu inayoandamana nalo, ilikuwa tayari imekatwa mikono yote miwili na kuachiwa rungu. Ikila, inakula kwa mama mboga kwa sababu hakuna pengine pa kulia.

Sitaki kuitetea sana. Kanjo iliiba. Viwanja vya umma viligawanywa usiku, wafanyakazi hewa walilipwa, na madiwani walikuwa wakirushiana viti. Bajeti yake na sheria zake ndogo zilihitaji sahihi ya waziri Nairobi, na waziri akichoka angeweza kulivunja baraza zima. Jiji la Nairobi lenyewe lilivunjwa 1983 na kuongozwa na tume hadi 1992. Kama jiji kuu lilifanywa hivyo, sisi ni nani?

Bado, kuna kipindi kimoja ambacho nyanya hukizungumzia kwa sauti tofauti. Kuanzia 1999, chini ya sheria ya mwaka uliotangulia, serikali ilianza kuyarudishia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Hizo ndizo pesa za LATF. Miaka michache baadaye likaongezwa sharti kwamba wakazi wakae na diwani wao waseme wanataka mradi gani. Nyanya alikuwa kwenye mkutano mmoja wa aina hiyo. Anasema akina mama wa soko waliomba mtaro, kwa sababu mvua ikinyesha walikuwa wanauza wakiwa wamesimama kwenye maji. Wanaume walitaka steji ipanuliwe. Wakabishana hadi saa nane mchana. Mtaro ukashinda.

Huo mtaro upo mpaka leo. Umeziba, lakini upo. Nimeupiga picha.

Na diwani aliyekuwa anawakilisha soko alikaa nyumba ya tatu kutoka posta. Mtaro ulipoziba wakati huo, nyanya na wenzake watano walikwenda kwake asubuhi kabla hajanywa chai. Hawakuandika barua. Walisimama mlangoni tu. Siku ya tatu watu wakaja na koleo. Mimi sijui jina la ofisa anayehusika na mtaro leo. Anakaa makao makuu ya kaunti, kilomita 60 kutoka hapa, nauli ya kwenda na kurudi ni faida ya nyanya ya siku mbili.

Sasa, 2010 tulipata katiba, na mimi ni mtu wa ugatuzi kabisa, msinielewe vibaya. Ukiuliza watu wa kaskazini mwa nchi kuhusu barabara na hospitali kabla na baada ya 2013, utaacha kuwatamani wazee wa zamani. Lakini ugatuzi ulifanya jambo moja kimyakimya. Serikali za mitaa zilikuwa 175. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, sheria iliyozianzisha ikafutwa na zote zikafa kwa pamoja, na mahali pake zikaja kaunti 47. Sisi tulishangilia kwamba serikali imeshuka kutoka Nairobi, na ni kweli ilishuka. Ila kwa mtu wa mji mdogo, ya karibu ilipanda. Iliondoka mtaani ikaenda makao makuu ya kaunti.

Waliotunga sheria waliliona hilo. Ndiyo maana kuna Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, inayosema miji iwe na bodi, na wakazi wawe na vikao vyao vya kuuliza maswali. Shida ni kwamba mwanzoni ilitaka manispaa iwe na watu 250,000, idadi ambayo miji mingi ya Kenya haijawahi kuiota. Ilirekebishwa 2019, sasa 50,000 wanatosha kwa manispaa na 10,000 kwa mji. Na hata kabla ya marekebisho hayo kukamilika, kuanzia 2018, pesa za Benki ya Dunia za kuendeleza miji zilipokuja na sharti kwamba lazima kuwe na hati ya manispaa na bodi, ghafla magavana wakakumbuka miji yao. Hati zikatiwa sahihi, bodi zikaapishwa. Sichukii hiyo. Taa za barabarani zimewekwa mahali pengi kwa pesa hizo. Lakini wanabodi hao hupigiwi kura na mtu. Nyumba yao haiko ya tatu kutoka posta.

Mji wetu haukufika hata kwenye foleni hiyo. Hatuna bodi. Tuna msimamizi wa wadi, mwakilishi wadi tunayemwona kwenye matanga, na wale vijana wawili wenye mashine.

Ndiyo maana nimeandika haya yote wiki hii, si wiki nyingine. Kwenye ukuta wa choo cha soko (choo ambacho kimefungwa, msiniulize tangu lini) kumebandikwa tangazo. Ni la maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti yetu. Nimelisoma lote. Ushuru wa soko wa kila siku unapendekezwa kutoka shilingi 30 hadi 50. Inaonekana kidogo ukiwa na mshahara. Nyanya huuza siku 26 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe. Ni shilingi 520 zaidi kila mwezi, na mtaro bado umeziba.

Tangazo lina tarehe ya wiki mbili zilizopita, lakini mama wa kibanda cha pili anaapa kwamba lilibandikwa Jumatatu. Mkutano ni Alhamisi. Unaona sasa kwa nini niliacha kucheka pale Kakamega?

Na hapa lazima tujiseme wenyewe. Mwaka 2024 sisi tulisoma Mswada wa Fedha wa Nairobi kifungu kwa kifungu. Tuliutafsiri kwa lugha za mama zetu, tukaufanyia video, wengine wetu hawakurudi nyumbani. Mswada ule ukaondolewa. Lakini kila mwaka kaunti 47 hutunga miswada yao ya fedha, na hiyo ndiyo inayoamua bei ya kibanda, ya leseni ya kinyozi, ya kuegesha boda, ya kuzika mtu kwenye makaburi ya umma. Nani kati yetu amewahi kuufungua hata mmoja? Mimi nina wafuasi elfu kadhaa na nimefungua wa kwanza juzi, kwa sababu ya choo.

Najua kuna mtu atasema kwenye maoni kwamba nataka kanjo irudi. Sitaki. Waliokamatwa na kanjo ya zamani hawaikumbuki kwa mapenzi, na nyanya mwenyewe ana kovu kwenye kiwiko la siku aliyogombania kikapu chake na askari. Ninachotaka ni kidogo na kinachosha: kiasi gani kimekusanywa katika soko hili moja mwaka jana, na kiasi gani kimerudi katika soko hili moja. Mstari mmoja. Wanajua, mashine zao zinahesabu. Kama jibu ni kwamba zilikwenda kulipa mishahara makao makuu, waseme hivyo mbele ya watu, ndipo tujadili shilingi 50.

Nilimsomea nyanya tangazo jana usiku. Aliuliza mkutano ni wapi. Nikamwambia ni ukumbi wa zamani wa kanjo, ule wenye dari iliyotoboka. Akanyamaza kidogo, akauliza kama viti bado vipo, kisha akaenda chumbani akarudi na kopo.

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Anasema watu wa kaunti waanze wao kueleza zile risiti ambazo hazina maandishi.