Sadaka ya kale ni ndugu wa neno "karibu"

Mwitongo, Butiama, kaburi la Mwalimu Nyerere linapakana na msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kuwa makao ya mzimu wenye jina hilohilo. Mwalimu mwenyewe aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, miaka mingi kabla ya kubatizwa Julius Desemba 1943. Aliyekulia huku hahitaji kufundishwa tambiko ni nini. Kwa hiyo kitabu cha Mambo ya Walawi, ambacho waumini wengi hukiruka kwa kuona ni damu na mafuta matupu, kwa watu wa Mara kingepaswa kusomeka kama habari za nyumbani.

Kitabu kinataja sadaka za namna tano. Ya kuteketezwa iliungua yote, ikabaki ngozi tu ya kuhani. Nyingine zilikuwa ya unga, ya dhambi na ya hatia. Ninayoipenda ni ya amani. Mafuta ya mnyama yaliwekwa motoni kwa ajili ya Mungu, kuhani akapewa kidari na paja la kulia, na nyama yote iliyobaki ikaliwa na mtoaji pamoja na watu wake. Ya shukrani haikulazwa hadi asubuhi. Mtu mmoja hamalizi ng'ombe usiku mmoja. Alilazimika kuita majirani. Sheria hiyo ilimzuia mtu kushukuru peke yake.

Na maskini hakuachwa nje. Asiye na mbuzi alileta hua wawili, na aliyekosa hata hua alikubaliwa na unga. Maria na Yosefu walitoa ndege wawili hekaluni, kama Luka anavyosimulia katika Injili ambayo Mwalimu aliitungia utenzi uzeeni mwake.

Tofauti na tambiko ipo, na si ndogo. Katika Kumbukumbu la Torati 26, mleta zaka anatamka kwamba hakumpa mfu chochote katika vitu hivyo. Israeli iliambiwa isiwape waliolala kilicho cha Mungu. Ila katazo la namna hiyo huonyesha kwamba wapo waliokuwa wakifanya hivyo.

Kiebrania huita sadaka korban, kitu kinachosogezwa karibu. Mzizi wake ndio uliotupa, kupitia Kiarabu, neno letu "karibu". Dhabihu na kafara nazo zina ndugu zake katika Kiebrania. Tunapomkaribisha mgeni Bunda au Musoma, tunatumia neno la ukoo mmoja na lile la madhabahuni.

Warumi walilibomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70, na Wayahudi wakashika sala mahali pa moshi. Wasamaria hawakuacha: hadi leo, kila Pasaka, wanachinja kondoo Mlima Gerizimu na kuwala usiku uleule.

Msomaji, ukifika Walawi usiruke. Anza sura ya 7, mstari wa 11, kwenye nyama ya shukrani.